Migomba Tuliyoificha

Binti yangu alipopata kazi ya kufundisha chuo kikuu, mimi nilibaki na kazi ya kuwaeleza watu wa Nyaishozi anafundisha nini. Angekuwa daktari ningesema daktari, na mazungumzo yangeishia hapo. Angekuwa mwanasheria, wangefurahi zaidi, maana hapa kwetu kila mtu ana ugomvi wa mpaka. Lakini yeye ni mhadhiri msaidizi wa takwimu, zile takwimu zinazofanywa kwa kompyuta, pamoja na jambo wanaloliita ujifunzaji wa mashine. Mimi niliishia kidato cha nne, nikawa karani wa kupokea kahawa katika chama cha msingi mpaka nilipostaafu. Najua kujumlisha na kutoa. Mara ya kwanza aliponitajia kwa simu jina la idara yake nilimwomba alirudie, kisha nikamwambia, "Hongera sana, mama," na simu nikampa mama yake.

Aliyenibana zaidi ni jirani yangu. Ni mtu wa Muleba, alikuja mjini Omurushaka kununua mazao akiwa kijana, akapata hapa Nyaishozi kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kinachopakana na changu, hakuondoka tena. Mpaka leo huniita kwa kazi yangu ya zamani.

"Karani, hiyo mashine inajifunza nini?"

"Inajifunza ugonjwa wa migomba. Anaionyesha picha. Huu mgomba mzima, huu una mnyauko, huu mzima, huu mgonjwa. Ikishaona za kutosha, inatambua yenyewe. Mkulima atapiga picha kwa simu, na simu itamwambia."

"Na sisi hatuujui mgomba mgonjwa?"

"Tunaujua ukishanyauka. Yenyewe itaujua mapema."

Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo mtoto amesoma mpaka vitabu vimemwishia, na sasa anarudi kutazama migomba. Angebaki nyumbani tu. Yangu ningemwonyesha bure."

Nilicheka naye, lakini kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia. Kazi ile haikuwa ya binti yangu bado. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa akifundisha vipindi vya watu waliokwenda masomoni, akihamishwa huku na huku kama kiti cha kukodi harusini. Sasa chuo kilikuwa kimemwajiri kwa kipindi cha majaribio. Mwisho wa kipindi hicho angesimama mbele ya jopo la wakubwa wa idara, aeleze utafiti alioufanya na matokeo yake. Wakiridhika, wangemthibitisha. Wasiporidhika, mkataba ungeishia pale, na angerudi kuwa kiti cha kukodi. Utafiti wenyewe ulikuwa huo wa migomba. Aliuchagua kwa sababu ni kitu alichokulia ndani yake.

Akanipigia simu kabla ya likizo ndefu ya kiangazi.

"Tata," alisema, maana nyumbani kwetu baba anaitwa hivyo, "ninakuja. Nahitaji picha nyingi sana, za huko Nyaishozi na za upande wa Kyerwa pia. Nakuomba unitangulie kwa wenye vibanja, uniombee ruhusa, kwa sababu wengi hawanijui tena. Waambie nataka kuiona migomba kama ilivyo."

Kama ilivyo. Alisema hivyo waziwazi, na siku hiyo wala mtandao haukusumbua.

Mtu asiye wa kwetu anaweza asielewe nilichofanya baada ya hapo. Kwetu kibanja ndicho uso wa mtu. Nyumba iko katikati ya migomba, kwa hiyo mgeni hupita kwenye migomba kabla hajafika mlangoni, na akifika mlangoni ameshakujua. Washenga wakija kuuliza habari za binti, mdomo unasalimia huku macho yako shambani: majani makavu yameondolewa au yananing'inia, nyasi za kufunika udongo zimetandazwa au ardhi iko uchi, mikungu ni ya namna gani. Mtu mwenye mgomba unaonyauka karibu na njia huukata kabla ya mgeni kufika, kama unavyoondoa nguo chafu sebuleni. Hatuoni kwamba tunaficha. Tunaona tunamheshimu mgeni.

Basi nilizunguka. Nilikwenda kwa majirani, kwa watu wa kanisani, kwa wale niliokuwa nikipokea kahawa yao, na nilituma salamu mpaka Isingiro, katika wilaya jirani ya Kyerwa, kwa niliofahamiana nao. Kote niliwaambia hivi: "Mtoto wangu anakuja na kazi ya chuo. Picha atakazopiga zitatazamwa na maprofesa. Tafadhali, tusimwaibishe."

Hayo maneno ya mwisho hakuna aliyenituma niyaseme. Nilikuwa nimejijengea picha kichwani: chumba kikubwa, wakubwa wamekaa, picha ya mgomba wangu imewekwa ukutani, majani yamelala kama mwavuli uliovunjika. Mmoja anauliza, hapa ni wapi? Na mtoto anajibu, ni nyumbani. Sikuutaka mgomba ule ukutani. Nilidhani wanampima yeye kwa kibanja cha baba yake, kama washenga.

Watu walinielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Wiki ile ukipita njiani ulisikia mapanga kila upande.

Mke wangu alinikuta nyuma ya nyumba, nakata.

"Mtoto amesema anataka na iliyo migonjwa," alisema.

"Ataipata. Wilaya hizi hazikosi migomba migonjwa."

"Ataipata wapi, kama kila mtu unamwambia afagie?"

"Isingiro."

"Na Isingiro si kwa watu?"

Niliendelea kukata. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa na haraka kiasi kwamba sikulipitisha panga kwenye moto nilipotoka mgomba mmoja kwenda mwingine, kama bwana shamba alivyotufundisha, na panga chafu ndilo linaloutembeza mnyauko. Kosa hilo nalo ni langu, wala sina mtu wa kugawana naye.

Binti alishuka kwenye basi Omurushaka na begi moja la nguo na jingine la mitambo yake, na kesho yake tukaanza. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kuliko nilivyodhani. Anapiga jani kwa karibu, anapiga shina, anarudi nyuma anapiga mgomba mzima na ardhi yake. Kila picha ananiuliza, "Mzima?" na mimi najibu, "Mzima." Jibu hilo analiingiza kwenye simu pamoja na picha, kwa sababu mashine haijui kitu mpaka iambiwe.

Watu walikuwa wamejiandaa hasa. Wengine walivaa nguo za kanisani na kusimama kando ya mkungu bora. Jirani yangu wa Muleba alivaa koti.

"Baba, nakuomba usogee kidogo," binti alimwambia. "Nataka jani."

"Na mimi?"

"Wewe nitakupiga baadaye."

"Siku hizi jani limenipita cheo," alisema, lakini akasogea. Kisha akatupitisha njia ya mbele, akitueleza habari ya kila shina kama mtu anayetambulisha watoto wake, na tulipotaka kuzunguka nyuma ya zizi akasema kuna nyuki wakali.

Siku zilipita na picha za migomba mizima zikajaa. Jioni moja tukirudi nyumbani binti alisimama njiani.

"Tata, kwani mnyauko uliisha huku?"

"Watu wamejitahidi," nikasema.

Lilikuwa neno la kweli na nililitumia kumdanganya. Alitikisa kichwa, akasema ni jambo jema, na tukaendelea kutembea.

Migomba migonjwa tuliipata Isingiro, kwa mama mmoja mjane ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Rwanda. Salamu zangu hazikumfikia. Hata zingemfikia, mgongo ulikuwa unamsumbua na kibanja chake kilikuwa kimemshinda, magugu yamefika magotini. Alitukaribisha bila wasiwasi wowote. "Piteni tu, msijali nyasi," alisema, akakaa kwenye kigoda chake kuchambua maharage. Mnyauko ulikuwepo, tena wa kila hatua: majani yanayoanza kulegea, majani ya njano, mikungu iliyoiva kabla ya wakati wake. Jirani yake alikuwa amehama na kuacha shamba lake, na nalo lilikuwa vilevile. Binti alipiga picha mpaka simu ikazima. Njiani alikuwa na furaha. Mimi pia nilijisikia vizuri, nikajiambia kwamba amepata alichokitaka na sisi wa Nyaishozi hatukuaibika. Kila mtu alikuwa amepata chake.

Nyumbani binti akaweka meza barazani, akafungua laptopu, akaanza kuifundisha mashine. Nilikuwa napita pale kama ninayetafuta kitu, kumbe nataka kuona. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Aliiwekea picha ambazo haikuziona kabla, na ikawa inapatia karibu zote. Mama yake akachinja kuku. Mimi nikaenda mpakani kumwambia jirani, naye akasema, "Basi kumbe mashine ina akili kukuzidi wewe, maana kahawa yangu ulikuwa unaikataa bila sababu."

Baadaye binti akachukua simu kwenda kuijaribu shambani. Aliporudi alikaa, akafungua laptopu, akasimama, akarudi tena shambani. Mwishoni akaniita.

Alikuwa amekuta mgomba wa jirani, pale karibu na mpaka wetu, umeanza kunyauka waziwazi, na mashine imeuita mzima. Kisha alikuwa amekwenda kwenye kona yangu ya chini, ambako sikuwahi kupalilia, migomba haina kasoro hata moja, na mashine imeiita yote migonjwa.

"Sasa tazama hapa," alisema. "Kuna namna ya kuiuliza ilitazama wapi ilipoamua. Penye wekundu ndipo ilipotazama sana. Penye buluu haikujali."

Nikavaa miwani. Ilikuwa picha ya mgomba wa yule mama wa Isingiro. Majani yake, yaliyolegea kabisa, yalikuwa ya buluu. Wekundu wote ulikuwa chini.

"Inatazama magugu," nikasema.

"Inatazama magugu. Haijajifunza ugonjwa, imejifunza usafi. Penye magugu inasema mgonjwa, penye usafi inasema mzima, basi." Alishika paji la uso. "Na siwezi kuilaumu. Ndicho nilichoionyesha. Wagonjwa wangu wote wako kwenye magugu. Kwenye kibanja kisafi sina hata mmoja, Tata. Hata mmoja. Hilo haliwezekani. Kuna mahali nimekosea katika kuchagua mashamba, na nimetafuta sipaoni."

Akasema itabidi amwandikie mkuu wa idara, aombe asogezewe mbele. Lakini jopo lilishapangiwa muda wake, na aliyewahi kuomba kusogezewa kabla yake hakuitwa tena. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza ratiba ya basi.

Nilipaswa kusema palepale. Sikusema. Chakula cha mchana kikaja, ndizi na maharage, tukala. Mke wangu alinitazama mimi, hakumtazama mtoto. Nilimega, nikatafuna, nikasikiliza binti yangu akijilaumu kwa mama yake: pengine ilibidi achague vibanja kwa kura, pengine hakutembea vya kutosha, pengine kazi hii ni kubwa kuliko yeye. Aliposema hilo la mwisho, nilirudisha tonge sahanini.

Nikanawa mikono. Nikarudi kukaa.

"Hukukosea wewe," nikamwambia.

"Una maana gani?"

"Niliwaambia wasafishe."

"Nani?"

"Wote niliowafikia. Niliwaambia wasikuaibishe. Mimi mwenyewe nilikata pale nyuma. Huyu jirani hana nyuki, ana mnyauko nyuma ya zizi. Wengine walikata, wengine walitoa majani tu, wengine walikupitisha mbele. Mnyauko ulikuwepo kote. Upo hata sasa."

Nilitegemea atakasirika, na ningeshukuru, maana hasira najua namna ya kuipokea.

"Nilikuuliza kama mnyauko umeisha," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukasema watu wamejitahidi."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Mke wangu akakusanya sahani. "Nilimwambia," alisema, akaingia ndani.

Binti aliinamisha kichwa, na nilipoona mabega yanatikisika nilidhani analia. Labda alikuwa analia kidogo. Lakini aliponyanyua uso alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyebeba debe la maji mlima mzima na sasa amelitua.

"Tata, unajua nimekaaje wiki hii? Nilidhani kazi siijui. Nilidhani walinichukua kwa makosa na sasa watagundua." Akajifuta macho. "Kumbe ni wewe na panga."

"Ni mimi."

"Afadhali. Kosa lenye sababu linarekebishika. Lile lisilo na sababu ndilo lililokuwa linaniua." Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi. "Kuna mada nzima juu ya hili. Kitu kikikosekana kwenye data, usidhani kimekosekana bure. Mara nyingi kinakosekana kwa sababu ndicho hasa unachokitafuta. Nimewafundisha wanafunzi wangu, nikawapa na mtihani. Sikujua naeleza habari za baba yangu."

Akaniuliza kama naweza kuirudisha nyuma kazi niliyoifanya. Nikasema naweza, ingawa sikuwa na hakika.

Jumapili, baada ya ibada, kulikuwa na mnada wa sadaka nje ya kanisa kama kawaida, mikungu ya ndizi na mayai na kuku. Ulipokwisha nilimwomba mzee wa kanisa dakika chache. Nimesimama mbele ya watu hao mara nyingi kuwatangazia mambo ya kahawa, lakini siku ile nilivua kofia kwanza.

"Kibanja changu kina mnyauko," nikasema. "Niliukata ili mtoto asiuone, nikawaambia na ninyi mfanye hivyo. Nilikosea. Mtoto hapimwi kwa uzuri wa migomba yetu. Anahitaji kuiona migonjwa, na kazi yake chuoni inategemea hilo. Kesho anaanza kwangu. Anayependa kumsaidia, amwonyeshe na yake, kama ilivyo."

Mtu kusimama kanisani na kusema kibanja chake kinaumwa ni kama kusema nyumba yake ina kunguni. Nilibaki nimeshika kofia.

Ndipo jirani yangu akasema kutoka nyuma, "Karani, ulitutesa na mapanga wiki nzima. Mimi kiuno hakijapona."

Watu wakacheka.

"Na lile koti nilivaa la nini?"

"Safari hii liache nyumbani," nikasema.

"Ninao nyuma ya zizi," akasema sasa kwa sauti ya chini zaidi, "na pale kwenye kahawa. Aje." Mwingine akasema, na mimi upande wa mtoni. Mwanamke mmoja akasema yeye alikata majani tu, na shina bado lipo linatoa usaha. Ilikuwa kama kuungama, ila kila anayeungama anachekwa kidogo na anacheka. Nilivaa kofia yangu na nikagundua kwamba shati limelowa mgongoni.

Tulikubaliana utaratibu. Mgomba mgonjwa ukishapigwa picha unakatwa saa ileile, maana ukiuacha umesimama unaambukiza mingine, na panga linapita kwenye moto kabla ya kugusa mwingine. Binti alishika simu, mimi nikashika panga na kuni zinazowaka. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Tukapita vibanja vilevile, safari hii tukianzia nyuma. Mahali pengine watu walitukimbilia njiani, "Njooni mwone huu, huu mbaya zaidi," wakishindana sasa kwa ubaya kama walivyoshindana kwa uzuri, mpaka binti akalazimika kuwakumbusha kwamba mizima nayo bado anaitaka.

Isingiro nilikwenda nikijua kwamba nina deni la maelezo. Yule mama alikuwa ameshasikia. Habari kwetu hazihitaji basi.

"Shikamoo, mama," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akanigeukia. "Wewe mzee, nimeambiwa. Kwa hiyo ninyi mlisafisha, mimi nikabaki peke yangu na ugonjwa wa wilaya mbili?"

"Ndivyo ilivyokuwa, mama. Utusamehe."

"Nisamehe nini, ugonjwa ni wangu. Lakini ule pale," alinyoosha kidole, "na ule, na ile mitatu ya kule bondeni, ni mizima tangu ilipochipua. Mbona haikupigwa picha? Mashine yenu inanionaje?"

"Inakuona vibaya, mama," binti alikiri. "Ndiyo maana nimerudi."

Akapiga mizima yake yote ndani ya magugu yake. Kisha tukapalilia kuizunguka migonjwa, ili nayo ionekane penye usafi, na mama yule akatusimamia kutoka kwenye kigoda akituambia tunashika jembe kama watu wa ofisini. Tulipomaliza alitupa maharage ya kwenda nayo. Sikutaka kuyapokea. Binti aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, na njiani akaniambia kwamba kukataa lingekuwa kosa jingine.

Mashine ilipofundishwa upya, ilipatia pungufu kuliko mara ya kwanza. Niliona sura ya binti imechangamka, nikadhani sijaelewa.

"Imeshuka," nikasema.

"Imeshuka."

"Na wewe unafurahi."

"Mwanzo ilikuwa inapatia kwa sababu mbaya. Sasa inakosea kwa uaminifu." Akanionyesha picha zile za rangi. Wekundu ulikuwa umepanda. Haukuwa umekaa sawasawa kila mahali, mwingine ulikuwa bado unahangaika kwenye mashina, lakini mwingi ulikuwa juu, kwenye jani lililolegea, pale ambapo mimi mwenyewe ningetazama.

Akarudi chuoni. Siku ya jopo ilipofika sikuweza kukaa. Nilianika kahawa, nikaigeuza, nikaigeuza tena kabla haijakauka upande mmoja. Mke wangu aliniambia kahawa haikauki kwa kusumbuliwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa habari mbaya. Nilikuwa hata nimepanga maneno ya kumwambia: kwamba arudi kwanza nyumbani, kwamba kosa ni langu na nitalisema kwa yeyote atakayeuliza. Mtu akikaribia mwisho wa maisha anakuwa na makosa mengi ambayo hayana dawa tena, wenye kustahili kuombwa radhi wameshalala makaburini. Hili nililiogopa kuliko yote kwa sababu wa kuombwa radhi alikuwa hai, na alikuwa bado ananiita Tata.

Simu ililia mchana.

"Wamenithibitisha," alisema.

Nikakaa chini, palepale kwenye mkeka, juu ya kahawa. Mke wangu akaninyang'anya simu, akaweka sauti ya juu.

"Sema tena," alimwambia.

"Wamenithibitisha, mama. Ni kazi yangu sasa."

Nikamuuliza kutoka pale mkekani walimuuliza nini. Akasema waliuliza mengi ya hesabu, akayajibu. Kisha mmoja wao akauliza kwa nini picha za mwanzo na za pili zinatofautiana hivyo, watu ni walewale na vibanja ni vilevile.

"Ukawaambiaje?"

"Ukweli. Niliwaambia kwamba aliyeniombea ruhusa aliwaambia watu wasafishe."

"Aliyekuombea ruhusa. Hukusema ni nani?"

"Wakaniuliza ni nani. Nikasema ni baba yangu."

Nikafumba macho. "Wakasema nini?"

"Walicheka sana. Mmoja akasema kwao wafugaji hupeleka ng'ombe wagonjwa porini mkaguzi akija. Mwingine akasema yeye alikusanya data miaka mingi na hakuwahi kujiuliza watu walifagia nini kabla hajafika. Waliongea wao kwa wao mpaka nikasahau kuogopa. Mwenyekiti amesema sehemu hiyo niiandike vizuri, ndiyo aliyoipenda."

"Jina langu halimo?"

"Halimo, Tata."

"Hata likiwemo," nikasema. Nilikuwa namaanisha.

Nilimwambia ale, apumzike. Akaniambia na wewe pia, na sauti yake ilikuwa ile ya alipokuwa mdogo akishusha kuni kichwani. Mke wangu akaanza kuokota kahawa niliyoikalia, punje moja moja, bila kunigombeza.

Nikaingia ndani nikalala. Kulala mchana ni jambo ambalo maisha yangu yote nimewasema wengine kwalo. Nililala na viatu. Kabla usingizi haujanichukua nilisikia jirani amekuja kuuliza, na mke wangu akimjibu pale mlangoni kwamba mtoto amepata, na kwamba mzee amelala, aje kesho.